Maswali ya Wasomaji: Anayeacha Kuahirisha Mambo Hupata Nini?

Barua za mwezi huu zimefuatana kwenye jambo moja bila sisi kuliomba. Zinahusu mambo yanayosogezwa mbele siku hadi siku, na waandishi wake wanataka kujua kama kuyamaliza mapema kuna faida yoyote zaidi ya kusifiwa kuwa mchapakazi. Nimechagua barua tano. Baadhi nimezifupisha, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeandika.

SWALI: Mama Mshauri, salaam. Nina miaka 42 na ninauza vitambaa Kariakoo. Tangu nianze biashara huwa nasubiri siku za mwisho: leseni, ritani za kodi, pango la fremu, hata kuhesabu mali iliyopo dukani. Mke wangu hunilaumu sana, lakini ukweli ni kwamba mwishowe mambo yote huenda. Nikibanwa ndipo akili yangu inapofanya kazi vizuri. Sikatai kubadilika, ila naomba uniambie bila kunipamba: mtu kama mimi, ambaye hajawahi kupigwa faini kubwa, atapata faida gani akiacha tabia hii? – *Msomaji, Kariakoo*

JIBU: Ndugu yangu, nashukuru kwa kuuliza swali ambalo wengi hulimeza. Anayeahirisha mambo huelezwa hasara zake tangu shule ya msingi, lakini hasara ambayo haijamfika mtu haina nguvu ya kumwinua kitini, na wewe umesema wazi kwamba haijakufika. Basi nitazungumzia kinachopatikana, nikianza na kile ambacho umekikosa kwa muda mrefu kiasi kwamba hukihesabu tena kuwa ni chako.

Jambo lililosogezwa mbele halikai kimya huko lilikowekwa. Chukua makadirio ya kodi ya mapato, ambayo kwa mfanyabiashara anayefuata mwaka wa kalenda hulipwa kwa awamu nne zinazoishia Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Kwa duka ambalo kumbukumbu zake zimepangwa, maandalizi ya awamu moja hayazidi saa chache. Lakini wewe unayeyaanza tarehe 28 umekuwa ukiyabeba tangu tarehe 5: umeyakumbuka ukiwa umesimama ndani ya mwendokasi, umeyakumbuka mteja alipokudai risiti, umeyakumbuka usiku usingizi ulipokatika. Shughuli ya saa chache imekula wiki tatu za mawazo yako, na mwaka una awamu nne. Aliyeimaliza tarehe 6 ameifanya mara moja tu, na siku zilizobaki ni zake. Hiyo ndiyo faida ya kwanza, nami naiona kubwa kuliko zote nitakazozitaja.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2011, wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba lengo ambalo mtu hajalitimiza huingilia fikra zake hata anapofanya kazi nyingine isiyohusiana nalo, na kuifanya kazi hiyo iharibike. Walionyesha pia kwamba mtu akishapanga kwa uwazi ni lini na kwa njia gani atalitimiza, usumbufu huo hupungua sana hata kabla hajalitimiza. Kwa hiyo unafuu unaanza mapema kuliko unavyodhani: unaanza siku unapoamua kwa dhati, huku kazi yenyewe ikiwa bado haijaguswa.

Sasa nije kwenye hoja yako kwamba ukibanwa ndipo akili inapofanya kazi. Siipuuzi, kwa sababu nimeisikia kwa watu wengi wenye bidii, na sehemu yake ni kweli. Mwaka 1997, Dianne Tice na huyo huyo Baumeister walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo nchini Marekani waliofuatiliwa katika muhula. Mwanzoni, waliozoea kuahirisha kazi walikuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wenzao, na hata kuugua waliugua kidogo. Tarehe za mwisho zilipokaribia mambo yaligeuka: msongo ukapanda, maradhi yakazidi, na kwa ujumla wakawa wameugua zaidi ya wenzao na kupata alama za chini. Ule unafuu unaouhisi tarehe 5 unaposema "bado mapema" ni wa kweli, na ndiyo maana tabia hii ni ngumu kuiacha. Tatizo ni kwamba unafuu huo ni mkopo. Na hilo unaloliita kufanya vizuri huna cha kulilinganisha nacho, kwa kuwa hujawahi kujiona ukifanya kazi ile ile ukiwa na nafasi. Unachokijua kwa hakika ni kwamba ukibanwa unafanya haraka.

Faida utakayoiona kwa macho, na pengine ndiyo itakayokushawishi kuliko maneno yangu yote, iko kwenye ile hesabu ya mali. Mfanyabiashara anayehesabu mwishoni mwa mwaka kwa sababu mhasibu amemdai hugundua Januari kwamba majora aliyoyanunua kwa ajili ya sikukuu bado yako rafu ya juu, rangi ambazo hazikupendwa, fedha ambayo imelala. Angehesabu wiki kadhaa kabla ya Idi au mwanzoni mwa Novemba, wateja wa jumla kutoka mikoani, na wale wanaokuja Kariakoo kutoka Zambia, Malawi na Kongo, wangekuwa bado wanazunguka madukani. Angepunguza bei kidogo, angegeuza majora kuwa fedha, na angejua nini cha kutoagiza tena kabla hajalipia mzigo mwingine kutoka Guangzhou. Hesabu ni ile ile na daftari ni lile lile. Ikifanywa mapema inakusaidia kuamua, na ikifanywa kwa kuchelewa inakueleza tu kilichokwisha kutokea. Kwa hiyo unaposema hujawahi kupigwa faini kubwa, nakuomba utazame rafu yako ya juu kabla ya kuhitimisha kwamba tabia hii haijakugharimu.

Tena nakuuliza kwa heshima: je, ni kweli huna muda wa kuhesabu, au kuna kitu ndani ya hesabu hiyo ambacho hutaki kukiona? Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika makala yao ya mwaka 2013, walieleza kwamba kuahirisha mambo mara nyingi ni njia ya kuikwepa hisia mbaya inayoletwa na kazi, kama hofu, uchovu au aibu, ili moyo utulie kwa sasa. Maelezo haya ni ya haki kuliko lile neno "mvivu" tunalowarushia watu. Mtu anayefungua duka saa 1 asubuhi na kulifunga saa 12 jioni si mvivu. Lakini anaweza kuwa anaogopa namba, na hofu ya namba haiishi kwa kusubiri.

Sisemi kwamba kila kinachochelewa Dar es Salaam ni kosa lako. Umeme hukatika, foleni hukuweka barabarani, unaambiwa mfumo uko chini na urudi kesho. Kwa sababu hiyo hiyo anayeishi katika jiji hili anahitaji kuanza mapema kuliko anayeishi mahali ambapo kila kitu hufanya kazi, maana baadhi ya siku zake zitapotezwa na wengine, na wewe huwa umekwisha kuzipoteza zote kabla wao hawajaanza. Ukikosea tarehe 10 unarekebisha. Ukikosea tarehe 30 jioni unaliwasilisha kosa lako kama lilivyo. Wapo watakaokukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli, na anayeonywa na msemo huo ni yule anayejaza fomu usiku wa mwisho huku akitafuta risiti kwenye mifuko ya suruali.

Ushauri wangu ni kwamba usijaribu kubadili mambo yote manne kwa pamoja. Anza na mali. Kila siku ukishafunga duka, kabla hujashika simu, hesabu rafu moja na uandike. Ndani ya wiki chache utakuwa umezunguka duka zima, na rafu ya kwanza itakuwa imeshakufundisha jambo. Ukishazoea, hamishia utaratibu huo kwenye kodi. Kisha mwulize mke wako, kwa utulivu, ni kitu gani hasa kinachomuumiza. Sidhani kama ni faini. Huenda amechoka kuishi na mume ambaye kila mwisho wa robo mwaka anakuwa mkali kwa watoto na hasikii anaposemeshwa, na ikiwa ndivyo, faida ya mabadiliko yako itaonekana nyumbani kabla ya kuonekana dukani.

SWALI: Dada, habari za kazi. Nimefanya kazi ya mapokezi katika kampuni moja binafsi kwa miaka 4. Wiki tatu zilizopita niliachishwa kazi kwa barua fupi, bila kuitwa kwenye kikao wala kuelezwa kosa. Ndugu zangu wananihimiza nikadai haki yangu, lakini kila nikipanga kwenda najikuta nasema wiki ijayo. Naogopa kukutana uso kwa uso na bosi wangu wa zamani. Nikitulia kwanza mpaka moyo upoe, kuna ubaya? – *Msomaji wa kike, Ubungo*

JIBU: Dada yangu huyu nilimjibu kwa simu siku ile ile barua yake iliponifikia, kwa sababu haikuweza kungoja gazeti lichapwe. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine walio katika hali kama yake.

Ubaya upo, na una tarehe. Kwa kanuni za usuluhishi na uamuzi za mwaka 2007, mgogoro unaohusu kuachishwa kazi isivyo halali unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa au siku mwajiri alipofikia uamuzi wake wa mwisho. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Fomu inayotumika kufungua shauri ni fomu namba 1 ya CMA. Siku 30 zikipita, mlango haufungwi kabisa, lakini inakubidi kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu nzito za kuchelewa, na kusubiri moyo upoe hakuwezi kukubeba mbele ya msuluhishi. Mwenye chini ya miezi 6 kazini kwa mwajiri huyo ajue kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu. Wewe una miaka 4, kwa hiyo hilo si kikwazo chako.

Kuhusu hofu yako, ngazi ya kwanza pale ni usuluhishi: mnakaa na mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kuwasaidia mkubaliane, na sheria imeipa hatua hiyo siku 30, isipokuwa pande zote zikubali kuongeza. Hulazimiki kwenda peke yako, kwani unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi au wakili. Nawe ukishawasilisha fomu hujafungwa kuendelea mpaka mwisho. Unaweza kupatana, unaweza hata kuliondoa shauri. Hili ndilo ninalotaka wasomaji walione. Anayeahirisha hudhani anajiachia nafasi ya kuchagua baadaye, kumbe kila siku inayopita inachagua kwa niaba yake. Kuwasilisha fomu ndiko kulikompa dada huyu muda wa moyo kupoa, kwa kuwa haki yake imebaki hai.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa jijini. Masomo ya darasani nilimaliza mwaka juzi, imebaki tasnifu. Takwimu nimekusanya zote. Kila mwezi najiambia nitaimaliza ndani ya mwezi mmoja. Sasa nimefika mahali sipokei simu za msimamizi wangu, na nikimwona mtu tuliyesoma naye nabadilisha njia. Najichukia. Je, bado kuna faida ya kumaliza nikiwa nimechelewa hivi, na nianzie wapi? – *Msomaji, Sinza*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Faida ipo, na ya kwanza itakufikia kabla hujaandika hata aya moja.

Anza na simu ya msimamizi wako. Usisubiri kuwa na sura iliyokamilika ya kumwonyesha, kwani kusubiri huko ndiko kulikokufikisha hapa. Mwandikie ujumbe mfupi leo: kwamba umechelewa, kwamba takwimu unazo, na kwamba unaomba kumwona ukiwa na sura ya mbinu za utafiti katika hali iliyopo. Usijieleze kwa kurasa mbili. Wasimamizi wameona mengi, na mwanafunzi aliyerudi na rasimu mbovu ana cha kusahihishiwa. Ukishautuma ujumbe huo utakuwa umemrudisha mtu mmoja maishani mwako, na njia za Sinza zitaanza kupitika tena.

La pili ni huku kujichukia. Najua unadhani ukijisamehe utalegea. Mwaka 2010, Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walichapisha matokeo ya utafiti waliowafanyia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wakakuta kwamba waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza hawakuchelewa tena kiasi kile kujiandaa na uliofuata. Nami naona sababu yake ni rahisi kuielewa: kama kila ukiifungua kompyuta unakutana na hukumu dhidi yako, utaacha kuifungua. Kujisamehe hapa maana yake ni kukubali kwamba ulichelewa, bila kuongeza kwamba kwa hiyo wewe hufai.

La tatu ni huo "mwezi mmoja" wako, ambao nakuomba uuache kabisa. Mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake huko Kanada waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao za shahada ya kwanza wangetumia muda gani. Kwa wastani walikadiria siku 34. Ikawachukua siku zipatazo 56, na walio wengi hawakuwa wamemaliza siku waliyoitaja wenyewe ilipofika. Hao hawakuwa wazembe. Ndivyo binadamu tunavyokadiria kazi zetu wenyewe. Kwa hiyo ukijipa mwezi, ukashindwa, kisha ukajichukia, unajiadhibu kwa kosa la hesabu.

Badala ya tarehe ya kumaliza, jiwekee saa na mahali pa kuanza. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, amelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Katika jaribio moja alilolichapisha na Veronika Brandstätter mwaka 1997, wanafunzi waliombwa waandike taarifa fupi siku za sikukuu ya Krismasi, wakati ambapo karibu kila mtu ana shughuli nyingine. Walioambiwa wataje kabla ni wapi na lini wataandika, takriban robo tatu yao waliileta. Wasioambiwa hivyo, ni takriban theluthi moja tu. Nia ya kuandika wote walikuwa nayo. Kwa hiyo usiseme "wiki hii nitaandika." Sema: "Kuanzia Jumatatu, saa 11 na nusu alfajiri, nikiwa kwenye meza ya chakula na simu ikiwa chumbani, nitaandika juu ya namna nilivyowachagua wahojiwa." Nakutajia alfajiri kwa sababu najua usiku wa Sinza na muziki wake. Saa moja kwa siku inatosha kwa mwanzo, na usiiongeze hata siku utakayojisikia una nguvu, ili kesho yake usiiogope.

Uliza pia ofisi ya masomo ya uzamili umebakiwa na muda gani wa usajili na ada ya kuongeza muda ni kiasi gani. Usiishi kwa kukisia. Na ukikosa sababu nyingine yoyote ya kumaliza, wakumbuke watu uliowahoji. Waliacha shughuli zao wakakueleza mambo yao kwa kuamini kwamba yataandikwa. Cheti hakitaonyesha kwamba ulichelewa, lakini madodoso yakibaki kwenye boksi, muda waliokupa watu wale utakuwa umepotea.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi cherehani, nipo Mbagala. Wateja wananiita mwongo kwa sababu nawapiga kalenda. Kazi ninaipenda, lakini vitambaa vinajaa na mimi nashona kile ambacho mwenyewe amekuja kugomba. Nitaachaje? – *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Marahaba. Nitakujibu kwa ufupi, kwa kuwa naona tatizo lako ni nusu tu ya hili tunalolizungumza. Nusu nyingine ni kwamba unapokea kazi zaidi ya mikono yako, hasa wiki za kuelekea sikukuu na mahafali, kwa kuogopa kumwambia mteja kwamba hutaweza. Unaahirisha lile neno gumu, na matokeo yake unaahirisha nguo kumi.

Andika kwenye daftari nguo unazoweza kutoa kwa siku moja kwa uhakika, na ukishafikia idadi hiyo mtajie mteja anayefuata siku inayofuata, hata akinuna. Kisha shona kwa kufuata daftari, usifuate sauti ya anayegomba, maana ukifanya hivyo unawafundisha wote wagombe. Faida yake kwako ni fedha. Wengi wa wateja wako, kama ilivyo kawaida, wanalipa nusu kwanza na nusu nguo inapotoka. Kwa hiyo kila gauni lililokatwa likaachwa ni nusu ya malipo yako ambayo umejinyima mwenyewe. Fundi anayesema "siwezi kabla ya Alhamisi" na Alhamisi nguo ikawa tayari hapungukiwi na wateja Mbagala wala kwingineko.

SWALI: Shikamoo Mama. Mama yangu mzazi ana miaka 58, tunaishi naye Temeke. Ana uvimbe kwenye titi tangu kabla ya Ramadhani. Kwanza alisema atakwenda hospitali baada ya mfungo, kisha baada ya harusi ya mdogo wangu, sasa anasema baada ya mvua. Hana maumivu yoyote. Nikimsisitiza anakasirika na kusema namtakia mabaya. Nimsaidieje bila kumvunjia heshima? – *Msomaji wa kike, Temeke*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikaa moyoni kuliko zote.

Kutokuwa na maumivu kusiwape utulivu. Saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni, na ndiyo sababu watu wengi huipa muda. Papo hapo, uvimbe mwingi wa titi si saratani, na hakuna anayeweza kuutofautisha kwa kuushika nyumbani. Kwa hiyo mama akienda, moja kati ya mambo mawili litatokea. Ikiwa si saratani, atarudishiwa usingizi ambao nina hakika ameukosa tangu kabla ya Ramadhani, hata kama hasemi. Ikiwa ndiyo, atakuwa ameiwahi, na saratani iliyowahiwa hutibiwa kwa njia nyepesi zaidi na kwa matumaini makubwa zaidi kuliko iliyokwisha kusambaa. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika wakiwa wamechelewa, na wengi wao walikuwa na sababu kama zake: mfungo, harusi, mvua, shamba. Ni sababu za mama anayetanguliza watu wake, wala hazina aibu. Ila hazitaisha, kwa kuwa baada ya mvua kutakuwa na kingine.

Acha kumsisitiza. Mwulize anaogopa nini, kisha unyamaze umsikilize. Huenda anaogopa kukatwa titi. Huenda anaogopa gharama, au anajiuliza nani atamwangalia mjukuu akilazwa. Kila moja ya hofu hizi ina jibu lake, na jibu la jumla halitagusa hata moja. Kama kwako ni vigumu kulizungumza kwa sababu wewe ni mtoto, mwombe mama mkubwa, shangazi au jirani wa rika lake anayemheshimu alianzishe, na ikiwezekana awe mtu aliyewahi kupimwa mwenyewe. Usitumie neno saratani kama fimbo. Sema: "Mama, Jumanne asubuhi nimeomba ruhusa kazini, nitakwenda nawe, tutarudi pamoja." Siku iliyotajwa, na mtu wa kwenda naye, vitamsaidia kuliko hoja.

Anzeni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nanyi, na ikihitajika mtapewa rufaa. Chukueni kadi ya bima kama ipo na karatasi zake za zamani za matibabu. Daktari atamkagua kwa mikono, na anaweza kuagiza apigwe picha ya ultrasaundi au mamografia, au sehemu ndogo ya uvimbe ichukuliwe ipimwe maabara. Mwambie mama mapema kwamba vipimo hivi vyenyewe si upasuaji mkubwa. Mweleze daktari uvimbe ulionekana lini, kama umekua, kama chuchu imebadilika au inatoa majimaji, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya titi. Nawe ukiwa pale, omba ukaguliwe, na ikiwa umefikisha miaka 30 uliza pia kuhusu kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi.